Mia Nne Anatunukiwa Akiwa Hai

Alhamisi asubuhi Frank alifika kijiweni na pikipiki yake yenye spika, hajazima hata injini, akapaza sauti kama kawaida yake.

"Chuo kimetangaza! Anayetunukiwa Jumamosi ni mzee Mia Nne!"

Kijiwe chetu kipo Manyoni, nyuma ya stendi, kwa Bi Rukaiya. Ni benchi mbili, jiko la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Frank tunamwita Redio, maana kazi yake ni kuzunguka mji mzima akitangaza: mbuzi amepotea, kuna mkutano wa mtaa, fulani amefariki. Kwa hiyo habari yoyote hapa mjini inapita kwanza kwake, na ikishapita kwake haiwi habari tena, inakuwa kelele.

"Nimesikia," akasema Mia Nne mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa hapohapo tangu mapema, amevaa koti. Koti lile huwa halivai mpaka baridi ya Juni.

Mia Nne jina lake ni Calist. Zamani alisoma chuo cha ualimu, akawa anakimbia mita mia nne za kupokezana kijiti, jina likamganda. Ualimu aliufanya kidogo akauacha, akafungua mashine ya kukamua alizeti, na kisima cha mtaa wetu alikichimba yeye kwa nguvu zake. Sasa chuo kimekuja na utaratibu wa kutunuku wahitimu wa zamani waliong'ara kwenye michezo, biashara na huduma kwa jamii.

"Hongera mzee," Frank akasema. "Michezo nimeelewa. Biashara nimeelewa. Hiyo huduma kwa jamii ndiyo bado naitafuta."

"Kisima hukioni?" akauliza mzee Joshua.

"Kile cha maji ya chumvi?"

"Maji ya chumvi si maji?"

"Ni maji, lakini ukifulia shati linasimama lenyewe."

"Hiyo kahawa unayokunywa ni ya maji hayohayo," Bi Rukaiya akasema, wala hakugeuka.

Frank akakiangalia kikombe. Akakinywa chote, akaomba kingine.

Huyu mzee Joshua tunamwita Wasifu. Hakuna maziko Manyoni yanayofanyika bila yeye kusimama kaburini na kusoma wasifu wa marehemu. Anausoma vizuri mno, mtu mliyekuwa mnamkimbia mtaani mnaanza kumlilia. Tabu yake ni moja tu: akikuangalia kwa muda mrefu unahisi anakuandaa.

"Tatizo lipo," Calist akasema. "Kuna sharti."

"Sharti gani tena?"

"Lazima nitambulishwe jukwaani na mtu niliyesoma naye. Asiposimama mtu, wanaruka jina langu wanaendelea na chakula."

"Kwa nini wanasumbua watu hivyo?" nikauliza mimi.

"Mwaka jana walimtunuku mtu, wakampigia makofi, wakapiga naye picha. Baadaye ikajulikana hakuwahi kusoma pale. Alikuwa amekuja kununua kuku, akakosea kiti."

"Na ngao?"

"Aliondoka nayo. Na kuku."

Tukanyamaza kidogo kumheshimu yule mtu.

"Sasa darasa lenu amebaki nani?" Joshua akauliza, na macho yake yakang'aa kikazi.

"Aliyebaki ninayejua alipo ni mmoja. Raymond wa Kintinku."

Hapo kila mtu akaguna. Habari ya Raymond kijiwe kizima tunaijua mpaka imetuota kichwani. Walikuwa timu moja ya kupokezana kijiti, Raymond mkimbiaji wa tatu, Calist wa mwisho. Kwenye fainali za vyuo, Dodoma, wakiwa wanaongoza, kijiti kikaanguka katikati yao. Calist anasema Raymond ndiye aliyekiangusha. Raymond anasema Calist. Wamezeeka, wameota mvi, wana wajukuu, na hawasemeshani mpaka leo kwa sababu ya kipande cha mti.

"Ulimpigia?" Bi Rukaiya akauliza.

"Nilimpigia jana. Nikamwamkia vizuri. Nikamwambia, ndugu yangu, njoo unisimamie."

"Akasemaje?"

"Akasema atakuja, ila akishika kipaza sauti ataanza na namna nilivyoangusha kijiti."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia abaki hukohuko na mpunga wake."

"Aa, mzee!" Frank akapiga paja. "Si ungemkubalia tu? Akianza hilo la kijiti mimi nazima spika."

"Siwezi kusimama mbele ya watu nikaambiwa nimeangusha kitu ambacho sikuangusha," Calist akasema. Akaliweka koti sawa. Sauti ilishuka. "Nina umri huu sijawahi kusikia mtu amesimama akanisema vizuri mbele za watu. Hata harusi yangu mshereheshaji alikosea jina. Nilitaka mara moja tu."

Jamani, mzee wa watu. Nikaangalia sinia la kashata, maana sikujua niangalie wapi.

"Mtu hai hasifiwi hapa kwetu," Joshua akasema kwa upole. "Ukimsifu anavimba. Tunasubiri alale, ndipo tunamwaga yote."

"Sasa mimi nikilala nitasikia nini?"

Joshua akaomba kahawa nyingine.

Frank ndiye aliyekuja na akili. "Sikiliza mzee. Raymond tuachane naye. Nizunguke na spika nitangaze shughuli yako mji mzima. Umati ukijaa pale chuoni, wataona aibu kukuruka. Wasifu hapa anipe maneno, mimi nitoe sauti."

"Maneno ninayo," Joshua akasema, akakohoa, akasimama. Huyu mzee hawezi kutamka jambo la maana akiwa amekaa. "Sema hivi. Ndugu, jamaa na marafiki, mnatangaziwa kuhusu mpendwa wetu mzee Calist, mume wa mama Severina, baba wa Theresia na Marko. Habari ziwafikie ndugu walioko Mungaa, walioko Kintinku, na wote waliomfahamu popote walipo. Mzee Calist alikuwa mwanamichezo, mfanyabiashara na mtu wa watu. Shughuli itafanyika siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Nyote mnakaribishwa."

Bi Rukaiya akaacha kupuliza mkaa. "Mbona kama mtu amekufa?"

"Amekufa wapi? Nimesema amefariki mimi?"

"Hujasema. Lakini nimeshtuka."

"Hiyo ndiyo lugha ya heshima," Joshua akasema, kaudhika. "Kama unayo nyingine ya kumsifu mtu, itoe."

Bi Rukaiya akafikiri. Frank akafikiri. Na mimi nikafikiri, na nimesoma mpaka kidato cha nne. Nyingine haikupatikana.

"Alikuwa mwanamichezo, sawa," Calist akasema. "Siku hizi sikimbii. Haina shida. Ila Frank, weka na muziki. Nisitangazwe kavukavu kama mbuzi aliyepotea."

"Muziki upo," Frank akasema. "Flashi yangu ina wimbo mmoja."

Akaondoka. Sisi tukabaki na kahawa yetu, na Calist akaagiza kashata ya kila mtu. Baada ya muda tukaisikia spika kule ng'ambo ya reli. Kwaya kwanza, ile ya kinanda kinacholia polepole, halafu sauti ya Frank imejikunja kwa huzuni, halafu kwaya tena.

Sasa niwaambie kitu kuhusu watu wa hapa. Spika ikipita hawasikilizi maneno. Wimbo ule ukilia, mama anasimama, anatega sikio apate jina tu. Akishalipata anaingia ndani kutafuta kanga. Yaliyobaki atayasikia hukohuko msibani. Wimbo ule hatujawahi kuusikia ukipigwa kwa jambo jingine tangu Frank anunue spika.

Sisi pale kijiweni hatukuwaza. Tulikuwa tunabishana kama ngao za siku hizi ni za shaba au za plastiki.

Wa kwanza kupita alikuwa kijana mmoja na mkokoteni wa kuni. Wa pili, akina mama wanne wamejifunga kanga, mmoja na ndoo ya unga kichwani. Halafu likapita sufuria kubwa la chama cha kufa na kuzikana, limebebwa na vijana wawili, na nyuma yake mwenyekiti wa chama, mzee Simoni, mfuniko kichwani umemziba macho.

"Shikamooni wazee," akatusalimia mmoja wa wabebaji. "Poleni na msiba."

"Marahaba," Joshua akaitikia. "Nani tena?"

"Mzee Mia Nne."

Joshua akageuka akamwangalia Calist. Calist akamwangalia yule kijana. Kijana alikuwa ameshapita, maana sufuria ni zito.

"Huyo Mia Nne ni yupi?" Calist akaniuliza mimi.

"Ninayemjua mimi ni wewe."

"Na mimi ninayemjua ni mimi."

"Nilisema!" Bi Rukaiya akapiga kofi. "Si nilisema nimeshtuka?"

Kabla hatujakaa sawa, mama Theresia huyo anakuja, yaani Severina, mke wa Calist, anatembea kwa hasira mpaka vumbi linamtangulia. Usoni ana unga na machozi, na machozi si ya kwake, alikuwa amekumbatiwa na watu.

"Baba Theresia! Umekaa hapa unakunywa kahawa, na nyumbani unaliliwa!"

"Si uwaambie sijafa?"

"Nimewaambia! Nimewaambia ametoka sasa hivi, amevaa koti, ameenda kijiweni. Wananiambia ndiyo hivyo mama, huwa wanatoka hivyohivyo. Wamenilaza kwenye mkeka, wananipepea! Wanasema nimechanganyikiwa, nipewe uji. Nimewatoroka kwa mlango wa uani."

"Uji umekunywa?" Joshua akauliza.

"Nimekunywa. Ningefanyaje?"

Tukainuka wote. Bi Rukaiya naye akafunika birika akatufuata, akasema wateja wote wapo njiani huko. Tulipitia nyuma, mlango wa uani, maana mbele kulikuwa kumefungwa turubai tayari. Sijui watu wetu wanakuwa wapi siku ya kusafisha kisima, lakini turubai la msiba wanalifunga haraka sana.

Uani akina mama walikuwa wamewasha moto kwenye mafiga, ugali unasongwa. Mmoja akainua kichwa akamwona Calist, mwiko ukamtoka mkononi. Severina akamwekea kidole mdomoni. "Nyamaza wewe. Songa ugali."

Tulitaka kutokea mbele, Calist akiwa ametangulia, mara tukasikia sauti ya mtu upande wa pili wa uzio wa mabua. Calist akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni.

"Huyo ni Raymond," akasema.

Na kweli alikuwa Raymond. Watu walimpigia simu kutoka stendi, akapanda Noah ya kwanza ya abiria kutoka Kintinku. Msije mkauliza kwa nini hakupiga simu kuhakikisha. Nani anampigia marehemu kumuuliza kama amekufa? Alikuwa amesimama chini ya turubai, kofia mkononi. Mgeni aliyetoka mbali akifika msibani hupewa nafasi aseme, na mzee Simoni alikuwa amempa.

Joshua akataka kuita. Calist akamshika mkono. "Subiri. Amalize."

"Jana huyu alinipigia simu," Raymond alikuwa anasema. "Aliniomba jambo dogo, nikamjibu vibaya. Jana tu, jamani. Ningejua, ningekuja kwa miguu."

Watu wakaguna.

"Wengi mmesikia habari ya kijiti. Mimi ndiye niliyeieneza. Sasa leo sikilizeni. Kijiti nilikiangusha mimi. Yeye mkono alikuwa ameunyoosha vizuri, hana kosa. Mimi niliangalia jukwaani, kulikuwa na msichana. Nikaangalia kama ananiona."

Severina akamminya Calist kiwiko. Calist hakugeuka.

"Jioni ile mkuu wa chuo alitupanga mstari, akasema aliyeangusha anarudi kwao na sanduku lake. Baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe nisome. Calist akasimama akasema, ni mimi mwalimu, mkono wangu ulikuwa na jasho. Kwa kuwa yeye alikuwa wa kwanza darasani, wakamwacha. Na mimi nikanyamaza. Kesho yake watu wakaniuliza, nikawaambia hivyohivyo alivyosema. Nikarudia, nikarudia, mpaka na mimi nikaamini. Alipokuja kuniambia nimtetee, nikamwita mwongo."

Pale uani ugali ulikuwa umeacha kusongwa. Hata kuni sikuzisikia.

"Mwaka ule wa ukame ng'ombe wangu walikuwa hawasimami. Likaja lori limejaa mashudu ya alizeti. Dereva akasema amepotea njia, na hawezi kurudi na mzigo. Nani anapotea njia na mashudu? Nilijua yanatoka mashine gani. Sikusema asante. Niliona nikisema asante nitalazimika kusema na lile jingine. Ng'ombe nilionao leo ni wa huyu mtu. Huyu alikuwa mwanaume, jamani. Alikuwa ananizidi kila kitu, na mbio pia."

Akalia. Mzee mzima, kofia usoni, mabega yanaruka. Na mimi huku nyuma nikalia, sina aibu ya kusema.

Calist akasogeza mabua akatokea.

Siwezi kuwaeleza ile kelele. Benchi moja ilianguka na watu wake. Mama mmoja akapita katikati ya miguu yangu, na si mwembamba. Mzee Simoni alibaki amekaa, ameshika mfuniko mbele ya kifua. Raymond hakukimbia, alibaki palepale na kofia yake.

"Rudia pale kwenye kuangusha," Calist akasema.

Raymond akamwangalia kuanzia viatu mpaka koti. "Uko hai?"

"Niko hai. Rudia."

"Mimi nilikuwa naongea na marehemu."

"Marehemu ndiye mimi."

"Basi nyamaza. Marehemu hajibu."

Akavaa kofia, akatembea kuelekea barabarani. Alikuwa na hasira ya kweli, na mimi simlaumu. Umelia mbele za watu, umetoa siri ya maisha yako yote, halafu mtu anatokea kwenye mabua anakudai urudie.

"Raymond," Calist akaita. Sauti ilikuwa imebadilika. "Jumamosi utanisimamia?"

Raymond akasimama. Hakugeuka.

Mzee Simoni ndiye aliyeingilia, kwa mujibu wa cheo chake. "Wazee, hayo mtayamaliza. Mimi nina swali la chama. Ugali umeiva na mbuzi ameshachinjwa. Kwa katiba yetu chakula cha msiba hakirudi nyumbani. Aliyefariki nani?"

"Hakuna," nikasema.

"Hiyo haimo kwenye katiba."

Ikabidi tule. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwake. Frank alifika mwisho, amezunguka mpaka betri ikaisha, akashangaa watu walivyoitikia. "Mmeona?" akasema. "Nilisema umati utajaa!" Severina akamrushia mwiko. Raymond alikula upande wake, akala vizuri tu, akaondoka na gari la jioni. Calist alimsindikiza kwa macho mpaka Noah ikapotea. Hakupata jibu.

Ijumaa kijiweni Calist aliacha kahawa ikapoa. Joshua alimwambia ajipe moyo, akataka kuongeza neno zuri, likamjia la makaburini, akalimeza.

Jumamosi tukaenda chuoni wote. Watu walijaa kweli, wengine walikuja kumwangalia tu mtu aliyekufa Alhamisi. Calist alikaa meza kuu pamoja na mgeni rasmi na mkuu wa chuo. Mshereheshaji akasoma jina lake, akauliza, "Nani anamtambulisha?"

Hakuna aliyesimama. Calist akainamisha kichwa. Mshereheshaji akasubiri kidogo, akageuza karatasi, na mpishi kule nyuma akaanza kufunua masufuria.

"Nipo," mtu akasema kutoka viti vya mwisho.

Raymond akatembea mpaka mbele, suti ya zamani, mikono mifupi. Akashika kipaza sauti. Akamwangalia Calist kwa muda, uso mkavu kabisa. Tukasubiri. Frank alikuwa ameshashika waya wa spika, tayari kuuchomoa.

"Mimi naitwa Raymond. Nilisoma na huyu," akasema. "Yale niliyosema Alhamisi ni kweli yote. Na yeye alisikia. Sirudii."

Akarudisha kipaza sauti, akarudi kukaa.

Manyoni nzima ikasimama. Akina mama wa ugali walipiga vigelegele, mzee Simoni akapiga makofi, Bi Rukaiya akavua mtandio akaupunga. Meza kuu wakabaki wanaangaliana.

"Alhamisi alisema nini?" mgeni rasmi akamnong'oneza mkuu wa chuo, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Mambo mazito sana, mheshimiwa," akajibu mkuu wa chuo, ambaye Alhamisi hakuwepo.

Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kukubali, akainua ngao ampe Calist, akakuta kiti kitupu. Calist alikuwa ameshashuka jukwaani, anapita katikati ya viti na koti lake, hasalimii mtu, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Akafika viti vya mwisho, akasimama mbele ya Raymond.

"Sogea," akasema.

Raymond akasogea.